UZI: Kliniki ya presha na sukari ikihamia kwenye kompyuta, data huharibikia wapi?

#1 Mpimaji_Kondele

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, hamjambo. Siku hizi hakuna mkutano wa afya unaoisha bila mtu kusifu akili unde (AI). Sawa. Lakini zahanati nyingi zinazotaka kutoa kliniki ya presha na sukari kwenye rejista hukimbilia kununua skrini, ilhali kipimo chenyewe kimeshaharibika kabla hakijaifikia hiyo skrini. Kompyuta haijui kama mama aliyepimwa alikuwa ameketi au alikuwa bado anahema kutoka stejini. Itaandika 162/98, ichore grafu ya rangi, na daktari ataongeza dawa.

Tuongee mambo ya mkononi: namba inaharibikia wapi, kwa nini, na dawa yake nini. Naanza na presha.

Kosa la kwanza ni mkanda wa mkononi. Mashine huja na mkanda mmoja, na huohuo ndio unaofungwa msichana wa sekondari na dereva wa trela. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 22 hadi 26 ni mkanda mdogo wa mtu mzima, 27 hadi 34 ni wa kawaida, 35 hadi 44 ni mkubwa, 45 hadi 52 ni mkubwa zaidi. Mkanda ukibana, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Kuna utafiti wa Marekani wa 2023: watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipofungwa ule wa kawaida, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 19.5. Hapo mtu mzima wa afya anaanzishiwa vidonge vya maisha yote. Mkanda ukipwaya unasoma chini, lakini kosa lake ni dogo kidogo.

La pili ni namna ya kukaa. Dakika 5 ameketi kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo unaongeza 7 au 8 hivi. Kuongea kunapandisha. Kubanwa na haja ndogo kunapandisha. Kahawa na sigara zikae mbali nusu saa. Benchi lisilo na pa kuegemea, ambalo ndilo lililojaa kwenye vituo vyetu, halifai kazi hii. Kiti cha plastiki chenye mgongo ni bora kuliko benchi la mbao zuri.

La tatu ni fomu yenyewe. Fomu ya kompyuta ikiwa na nafasi moja tu ya presha, aliyepima mara mbili atachagua namba moja, na ataichagua ile inayopendeza. Weka nafasi mbili au tatu, vipimo vipishane dakika 1, kompyuta ndiyo ipige wastani.

#2 Jirani_wa_Lanet

Swali fupi mkubwa. Zile mashine za kifundo cha mkono je? Na saa za mkononi zinazodai kupima presha?

#3 Mpimaji_Kondele

@Jirani_wa_Lanet za kifundo zinahitaji kifundo kishikiliwe usawa wa moyo kabisa, na watu wachache hukifikisha hapo. Kwa kliniki, ziache, isipokuwa pale ambapo mkono wa juu haufungiki mkanda wowote. Saa nyingi zinakisia kutoka kwenye mapigo na huhitaji kulinganishwa mara kwa mara na mashine ya mkanda, kwa hiyo bado hujakwepa mkanda.

Kabla ya kununua aina yoyote, tafuta jina na namba ya modeli kwenye STRIDE BP, orodha ya mashine za presha zilizopita mtihani, ambayo ni ya bure mtandaoni. Namba ya modeli, si jina la kampuni. Kampuni moja huwa na mashine iliyopita mtihani na nyingine ambayo haijawahi kufanyiwa mtihani wowote, na kwenye rafu zinafanana kama pacha.

Na moyo unaopiga bila mpangilio unazichanganya hizi mashine za umeme. Ukiona alama ya mapigo yasiyo sawa, pima mara 3, au rudi kwa stethoskopu.

#4 Binti_wa_Maabara (Kakamega)

Nikae upande wa sukari, kwa sababu huko ndiko namba zinadanganya kwa adabu.

Kwanza vidole. Ukanda wetu ni wa miwa, maembe na chai ya sukari nyingi. Mtu aliyemenya muwa kisha akatobolewa kidole bila kunawa anaweza kuonyesha sukari ambayo haiko kwenye damu yake kabisa. Spiriti peke yake haitoshi kuondoa utomvu wa tunda. Maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo utoboe. Hakuna maji? Futa tone la kwanza kwa pamba kavu na upime la pili.

Stripi, vile vijiti vya kupimia sukari. Kopo lifungwe sekunde ileile unapotoa moja, maana unyevunyevu ndio unaoziua. Aina nyingi hazitaki kuhifadhiwa kwenye joto la zaidi ya digrii 30, na alasiri ya Kisumu inavuka hapo bila kuomba ruhusa. Sembuse kopo lililoachwa kwenye dashibodi ya gari au kwenye sanduku la bodaboda. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya kopo, maana aina nyingi zina muda mfupi baada ya kufunguliwa, tofauti na ile tarehe kubwa iliyochapishwa. Pima kwa dawa ya kuhakiki kila kopo jipya na kila mashine inapoanguka. Ikitoka nje ya kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, mashine hiyo inawekwa kando siku hiyo hiyo.

Upungufu wa damu unapotosha glukomita, ile mashine ya sukari ya kidole. Damu ikiwa nyepesi, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Mama mjamzito mwenye damu kidogo anaweza kuonekana ana sukari, au, mbaya zaidi, sukari yake iliyoshuka ikaonekana ni ya kawaida.

Sasa HbA1c. Kile kipimo kinaonyesha sukari imekaa vipi kwa miezi 2 hadi 3 kwa kuangalia chembe nyekundu za damu. Kinategemea chembe hizo kuishi muda wake wa kawaida, kama siku 120. Huku kwetu magharibi na ukanda wa ziwa wenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu) ni wengi. Mwenye selimundu kamili chembe zake hufa mapema, hivyo HbA1c inatoka chini, na mtu mwenye sukari ya hatari anaambiwa anaendelea vizuri. Aliyeongezewa damu juzi, vivyo hivyo. Aliyetoka kuugua malaria kali iliyovunja damu, vivyo hivyo. Kinyume chake, ukosefu wa madini ya chuma huipandisha. Kwa aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, inategemea mashine na mbinu inayotumika, kwa hiyo soma karatasi ya watengenezaji kabla ya kutoa jibu.

Kwa hiyo katika fomu ya kompyuta, kabla ya nafasi ya HbA1c, weka maswali mawili: ana selimundu? ameongezewa damu miezi 3 iliyopita? Jibu likiwa ndiyo, programu iseme wazi kwamba HbA1c isitumike kuamua dawa, watumie sukari ya kidole ya kufunga na ya baada ya kula, au fruktosamini, kipimo kingine cha damu cha sukari ya wiki chache zilizopita, pale inapopatikana.

#5 Kijana_wa_Njoro

Dada, tuongezee ya mmol na mg, zile njia mbili za kuandika kiwango cha sukari. Kuna mashine zinatoka nje zikiwa zimewekwa mg.

#6 Binti_wa_Maabara (Kakamega)

Kweli kabisa, asante. Kenya tunatumia mmol/L. Gawanya mg/dL kwa 18 upate mmol/L: 126 ni 7.0, 200 ni 11.1. Programu ikatae namba yoyote inayozidi 50 kwenye nafasi ya mmol na iulize, "Je, hii ni mg/dL?" Isijigeuzie yenyewe kimyakimya, kwa sababu aliyekosea kuandika 85 badala ya 8.5 atageuziwa kuwa 4.7 na hakuna atakayejua.

Halafu kuna lile neno HI. Glukomita nyingi zikivuka 33.3 huandika HI badala ya namba, na chini ya 1.1 huandika LO. Sasa nafasi ya kompyuta inataka namba tu. Mhudumu ana foleni ya watu 60 nje, anaandika 0, au 99, au anaacha wazi. Mgonjwa aliye hatarini kuliko wote siku hiyo anaingia kwenye ripoti kama mtu ambaye hakupimwa! Weka kitufe cha "juu ya kiwango cha mashine" na kingine cha "chini ya kiwango", vyote viwili vikiwasha taa nyekundu kwa daktari.

#7 FundiSeva_Nakuru

Hapo kwenye 0 umegusa donda. Sheria namba moja ya mfumo wowote: sifuri si sawa na "hakupimwa". Ukiviunganisha, wastani wote unaoza.

Mimi nizungumzie utambulisho, maana namba safi ikiingia kwenye faili la mtu mwingine ni mbaya kuliko namba chafu.

Majina yetu. Ng'ang'a, Ong'ondo, Ochieng'. Ile alama ya juu huandikwa kwa njia angalau tatu: kibodi ya laptopu inatoa iliyonyooka, simu inatoa iliyopinda, mwingine anaiacha. Kwa jicho ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Dawa: wakati wa kutafuta, programu iondoe alama zote na igeuze herufi zote kuwa ndogo, lakini jina lionyeshwe vile mwenyewe anavyoliandika.

Mpangilio. Mary Atieno Ouma, kesho anakuja kama Atieno Mary, baada ya ndoa ana jina la mume. Tafuta kila neno popote lilipo, usilazimishe la kwanza na la mwisho. Barasa na Balasa, Odhiambo na Odiambo, Wekesa na Wekhesa. Programu nyingi zinakuja na mbinu ya kutafuta kwa sauti iitwayo Soundex, ambayo ilipewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina yao. Yenyewe inazitenganisha L na R. Ukiiachia ikutafutie Barasa haitakuletea Balasa kamwe. Inabidi fundi wenu aandike kanuni za majina ya huku, kazi ya siku mbili tatu, si kubwa.

Tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi wanajua mwaka tu, na mfumo unaotaka tarehe kamili unajazwa 1 Januari. Matokeo yake kituo kina watu mia mbili waliozaliwa siku moja, na tarehe haisaidii tena kuwatenganisha akina Wanjiku watano. Ruhusu mwaka peke yake, na kisanduku cha "makadirio".

Namba ya simu si kitambulisho. Ni ya mwana, kesho ya jirani. Kitambulisho cha taifa ni kizuri lakini mtoto hana na mwingine amekisahau nyumbani. Kwa hiyo kituo kitoe namba yake, na namba hiyo iwe na tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayokokotolewa kutoka zile nyingine ili kukamata makosa. Mfano kwa hesabu ya Luhn: chukua 10458. Ukianzia kulia, zidisha kwa 2 tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Jibu likizidi 9 ondoa 9. 8 inakuwa 16, yaani 7. 5 inabaki 5. 4 inakuwa 8. 0 inabaki. 1 inakuwa 2. Jumla 22; ili ifike 30 unahitaji 8. Kadi inaandikwa 10458-8. Karani akipindua akaandika 10548-8, jumla ni 14, tarakimu sahihi ingekuwa 6, na kompyuta inakataa papo hapo. Haya si mageni huku: kule Mosoriot, Nandi, rekodi za kompyuta za kituo cha afya zilianza 2001, na kazi ya Eldoret ndiyo iliyozaa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo nchi nyingi. Tarakimu ya ukaguzi imo humo.

#8 Mama_Miadi (Ahero)

Wanangu, mnasema kompyuta kompyuta. Stima ikipotea saa 4 asubuhi siku ya kliniki?

#9 FundiSeva_Nakuru

Shikamoo mama. Tupige hesabu. Seva ndogo wati 30. Raruta na swichi wati 15. Laptopu 3, kila moja wati 45, ni 135. Jumla 180. Kwa saa 4 ni watisaa 720. Inveta inakula yake, gawanya kwa 0.85, unapata kama 850.

Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba watisaa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila mara utaizika mapema. Kwa hiyo una 600. Haitoshi, nunua mbili. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina 1,280, unaruhusiwa kutumia asilimia 80, yaani 1,024. Moja inatosha na inabaki. Betri ya gari usiiguse: imeundwa kutoa mkupuo mmoja mkubwa wa kuwasha injini, haikuundwa kunyonywa polepole kutwa nzima.

Printa ya leza isiunganishwe kwenye inveta. Inapopasha joto inavuta mamia ya wati kwa mara moja, na mfumo wote unaanguka.

Radi. Kakamega na Kisii mnaijua. Waya wa mtandao uliovutwa hewani kutoka jengo la maabara hadi jengo la wagonjwa wa nje ni njia ya radi kuingia ndani. Inaunguza raruta, kisha swichi, kisha seva. Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo (faiba) au antena, na stima iingie kupitia kizuia mkupuo chenye waya wa ardhini unaofanya kazi. Wengi wana kizuia mkupuo kizuri kilichochomekwa kwenye soketi ambayo waya wake wa ardhini hauendi popote. Hicho ni pambo.

Jambo dogo linalosahaulika: kile kibetri cha sarafu ndani ya kompyuta. Kikifa, stima ikirudi saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma. Wagonjwa wote wa siku hiyo wanaingia na tarehe ya kale, na ripoti ya mwezi inaonyesha kliniki haikufunguliwa. Programu ikatae kuanza siku ikiwa tarehe iko nyuma ya rekodi ya mwisho. Kibetri chenyewe hubadilishwa kwa dakika 5.

#10 Jirani_wa_Lanet

Lakini boss, kwa nini tusiweke kila kitu kwenye seva za mbali tukaachana na betri na radi?

#11 FundiSeva_Nakuru

Kwa sababu intaneti nayo hupotea, na bando huisha tarehe 27. Mfumo ukitegemea mtandao kwa kila kubonyeza, daktari ataacha kuutumia wiki ya pili na atarudi kwa kalamu, wala humlaumu. Unachotaka ni mfumo unaoandika hapohapo kituoni kisha unatuma mbali mtandao ukirudi. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi simu za wahudumu wa afya ya jamii: wanajaza nyumba kwa nyumba bila mtandao, zinatuma baadaye. Kasoro yake: simu isiyotuma kwa siku 20 ikipotea, imepotea na siku 20 za kazi. Msimamizi aangalie kila Jumatatu orodha ya simu zilizochelewa kutuma zaidi ya siku 3.

Nakala za akiba: tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo, na zifungwe kwa nywila. Na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siyo nakala. Mara moja kwa mwezi irudishe kwenye kompyuta nyingine, tafuta wagonjwa 5 waliokuja jana yake, uone kama wapo na vipimo vyao.

#12 Mkokotoaji_Maseno

Nimesoma yote, na nina neno juu ya ripoti, maana hapo ndipo watu waangalifu hujidanganya.

Tuseme kituo kina watu 400 wa presha kwenye orodha. Miezi 3 iliyopita wamekuja 180. Kati yao 108 wako chini ya 140/90. Ripoti inaandika asilimia 60 wamedhibitiwa, kila mtu anapiga makofi. Lakini wale 220 wasiokuja wako wapi? Ukigawanya kwa 400 ni asilimia 27. Na kadiri wagonjwa wabaya wanavyoacha kuja, ndivyo ile ya kwanza inavyozidi kupendeza! Ripoti lazima iwe na namba zote tatu: waliodhibitiwa, wasiodhibitiwa, wasioonekana. Ya tatu ndiyo inayompa mhudumu wa kijiji orodha ya nyumba za kwenda Jumatano.

Halafu chunguza tarakimu ya mwisho ya presha. Mashine ya umeme haina upendeleo, kwa hiyo kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 itokee karibu asilimia 10. Chukua vipimo 300 vya mwezi. Vikiwa na sifuri mwishoni asilimia 40, kuna mtu anazungusha namba au anakisia. Angalia pia rundo la 138 na 139 huku 140 na 141 zikiwa chache. Hiyo maana yake ni kwamba kuna anayekwepa kazi ya kujaza fomu ya presha isiyodhibitiwa. Usimwite mtu ofisini kumfokea. Mara nyingi sababu ni mashine iliyokufa wiki mbili na hakuna aliyeripoti, au fomu yenye maswali 14 inayofunguka ukivuka 140. Punguza maswali uone.

Maonyo ya skrini nayo ni hivyohivyo. Namba isiyowezekana, mfano presha ya juu ya 820 au uzito wa kilo 700, ikataliwe kabisa. Namba ya ajabu lakini inayowezekana, mfano 230, iulizwe mara moja tu. Mfumo unaouliza kila mara unamfundisha mtu kubonyeza "sawa" bila kusoma. Urefu uandikwe kwa sentimita na programu ikatae 1.65, la sivyo hesabu ya uzito kwa urefu (BMI) itakuja na majibu ya vichekesho.

#13 Kijana_wa_Njoro

Na akili unde sasa? Au uzi mzima ni wa mikanda na betri 😂

#14 Mkokotoaji_Maseno

Cheka tu ndugu yangu, lakini akili unde hula hayohayo tuliyoyapika hapa juu.

Mfano wa kwanza, Marekani, uliochapishwa 2019. Programu ya kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilipima ugonjwa kwa kuangalia pesa zilizotumika kumtibu mtu. Wagonjwa weusi walitumiwa pesa kidogo, hivyo programu ikawaona wazima kuliko walivyo. Kosa liliporekebishwa, sehemu yao kati ya waliostahili msaada ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hamisha kosa hilo huku: ukifundisha programu kwa idadi ya mara mtu alizofika kituoni, mama wa Nyakach anayekaa mbali na barabara ataonekana mzima kuliko mwenye duka la jirani na hospitali.

Wa pili, Michigan, 2021. Programu ya kutabiri sepsis (maambukizi yanapoufanya mwili ujidhuru wenyewe) iliyokuwa tayari inatumika katika mamia ya hospitali za Marekani ilipopimwa na watu wa nje, ilikosa kuwaona wagonjwa wa sepsis 67 kati ya kila 100, na bado ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Somo kwa mnunuzi: usiulize "ina usahihi wa asilimia ngapi?" Uliza ilijaribiwa kwa watu gani, nani alijaribu, inakosa wangapi, na kengele ngapi za bure kwa siku.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, ni jamaa wa jambo hili. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba pale kidole kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Ngozi yetu inaifanya ile taa isome juu. Kwa hiyo 93 ya mtu anayehema kwa shida isikutulize, na kabla ya kupima ondoa rangi ya kucha au tumia kidole kisicho na hina, na upashe mikono baridi.

Upande mzuri: Nairobi, kliniki 15 za Penda Health, matokeo ya 2025, ziara 39,849. Msaidizi wa akili unde alisoma maandishi ya tabibu na kuonya kwa rangi tatu, nyekundu pekee ikimsimamisha. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa 13. Jinsi wagonjwa wenyewe walivyojisikia baadaye, tofauti haikuwa kubwa ya kuthibitika kitakwimu. Tazameni ile mbinu ya rangi: imekusudiwa kuepusha ule ugonjwa wa kubonyeza "sawa".

Kwa zahanati isiyo na lolote kati ya haya, chati za WHO za 2019 za hatari ya moyo, ukurasa wa Afrika Mashariki, zinatosha kuanzia. Ile isiyo ya maabara inataka umri, jinsia, sigara, presha na uzito kwa urefu. Ni karatasi moja ukutani.

#15 Mlinzi_wa_Siri

Sheria kidogo na nitoke. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue, na laptopu iliyoibwa bila kufungwa kwa nywila inahesabika. Kila mtumishi awe na akaunti yake. Nywila moja ya "kliniki" iliyobandikwa ukutani maana yake hamtajua nani aliangalia faili la nani. Picha za rejista kwenye kundi la WhatsApp ziache leo.

Ujumbe wa simu wa kukumbusha usitaje ugonjwa, kwa kuwa simu ni ya nyumba nzima. "Habari, miadi yako ni Jumanne saa 3 asubuhi. Njoo na kadi." Inatosha. Uliza pia siku ya kuandikisha mtu anataka Kiswahili, Dholuo au lugha gani, na kama hasomi, aandikiwe wa kupigiwa.

#16 Mama_Miadi (Ahero)

Asante wanangu. La mwisho: tukianza kompyuta, rejista ya karatasi tunaiacha lini? Nesi mmoja kuandika mara mbili ni kumuua.

#17 Mpimaji_Kondele

Mama, wiki 4 zinatosha, na asiandike yuleyule mara mbili. Daktari aandike kwenye kompyuta mgonjwa akiwa mbele yake, karani anakili kwenye rejista jioni. Kila Ijumaa chukueni watu 10 kutoka rejista muwatafute kwenye kompyuta, na 10 kutoka kompyuta muwatafute kwenye rejista. Linganisheni namba ya kadi, presha, sukari na dawa. Wakikosana zaidi ya wawili kati ya 20, ongezeni wiki mbili na mtafute ni meza gani inakosea. Wakipungua, funga rejista.

Ila fomu tupu za karatasi 50 zikae kwenye droo ya vipimo, zikiwa na nafasi zilezile za skrini kwa mpangilio uleule. Siku mfumo ukilala, mnaandika hapo, na kesho yake asubuhi mmoja anaziingiza kwa tarehe ya jana kabla kliniki haijafunguliwa. Juu ya kila fomu iliyoingizwa apige mstari mwekundu, ili isiingizwe mara ya pili.